Bati la 6 Likigeuzwa Huwa 9

Kabla sijajua sheria za kriketi nilizijua namba zake. Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, alikuwa mtunza uwanja katika kilabu kimoja hapa Mombasa. Yeye ndiye aliyekata nyasi, akavuta roli zito juu ya ule ukanda wa katikati mpaka udongo ukang'aa kama sakafu, akachora mistari ya chokaa alfajiri kabla jua halijapanda. Siku za mechi alinichukua nikae nyuma ya ubao wa matokeo. Ulikuwa ubao mkubwa uliopakwa rangi nyeusi na kupigiliwa misumari, na namba zilikuwa vipande vya bati vilivyoandikwa kwa rangi nyeupe, kila kipande na tundu lake la kutundikia. Mabati ya 6 yalikuwa na matundu mawili, moja juu na jingine chini, kwa sababu fundi aliyeyatengeneza aliona hana haja ya kukata mabati ya 9: ukiligeuza la 6, kazi imekwisha. Ujira wangu ulikuwa soda moja na sambusa mbili, na nilipotundika namba isiyo sahihi, karani wa mechi alinipigia mluzi kutoka mezani pake, na wazee wote waliokaa barazani wakageuka kunitazama.

Ninaianza habari hii kwenye ubao kwa sababu vijana ninaofanya nao kazi, waliozaliwa baada ya 2003, hawaamini nikiwaambia kwamba Kenya iliwahi kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Hutoa simu, wakatafuta, wakaona ni kweli, kisha huniuliza swali lile lile: ilikuwaje ikaanguka? Kwa miaka mingi nilijibu kama wanavyojibu wengine, nikitaja viongozi, fedha, na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC. Siku hizi nawaambia kwamba timu ile ilizeeka. Ilizeeka mbele ya macho yetu, mchezaji mmoja mmoja, na kila aliyegeuka nyuma kutafuta wa kumpokea kijiti hakuona mtu.

Kizazi chenyewe kilijitambulisha Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Kenya ilikuwa katika Kombe lake la kwanza la Dunia. Kabla ya hapo ukanda wetu ulikuwa umeshiriki mara moja tu, mwaka 1975, kwa timu ya pamoja iliyoitwa Afrika Mashariki, ikapoteza mechi zake zote tatu. Siku hiyo Kenya, ikicheza na West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, ilipiga kwanza ikatolewa kwa mikimbio 166 (mkimbio ndio pointi ya kriketi), na mikimbio ya ziada waliyotupa West Indies kwa mipira mibovu ilizidi ya mpigaji wetu yeyote. Kisha Rajab Ali akamrushia Brian Lara, mpigaji nyota wao, mpira ukagusa gongo na kumfikia Tariq Iqbal aliyekaa nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, na miwani yake usoni, naye akaudaka. West Indies nzima ikatoka kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu, yaani aliwatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio 15, na ami yangu, ambaye hakuwa mtu wa kupiga kelele, inasemekana alitoka nje na redio mkononi akaizungusha mtaa mzima.

Mwaka uliofuata, Kuala Lumpur, Steve Tikolo, mpigaji wetu bora, alipiga mikimbio 147 katika fainali ya Kombe la ICC, kombe la mataifa madogo ya kriketi, dhidi ya Bangladesh, na bado Kenya ikashindwa kwenye mpira wa mwisho kabisa wa mechi. Nitairudia mechi hiyo baadaye. Mwaka 1998 Kenya iliifunga India kwao, mjini Gwalior, na 2001 ikaifunga tena Port Elizabeth. Nairobi nayo ilikuwa mahali pa kwenda. Shahid Afridi wa Pakistan alipiga mikimbio mia kwa mipira 37 pale uwanja wa Nairobi Gymkhana, Oktoba 1996, rekodi ya kasi iliyodumu hadi siku ya kwanza ya 2014, na mwaka 2000 mataifa makubwa yote ya kriketi yalikusanyika uwanjani hapo kwa mashindano ya ICC, New Zealand ikaondoka na kombe.

Wachezaji hawa walitoka wapi? Ukweli ni kwamba hakuna aliyewapanda, waliota wenyewe. Vilabu vikubwa vya Nairobi viliasisiwa na jamii za Kihindi na viliitwa kwa majina ya jamii na madhehebu yao: Aga Khan, Swamibapa, Sir Ali Muslim, Sikh Union ambayo baadaye ikawa Simba Union. Kando ya viwanja hivyo waliishi familia za Kiafrika, nyingi za Kiluo, na watoto wao walianza kwa kuokota mipira iliyoruka ukuta, wakaendelea kwa kuwarushia wakubwa mipira ya mazoezi, na siku kilabu kilipopungukiwa na mchezaji wakaambiwa waingie. Aliyeingia alimvuta mdogo wake. Ndiyo maana ukitazama orodha ya wachezaji 15 waliokwenda Kombe la Dunia la 2003 unakuta Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya, wote watoto wa nyumba moja, na Martin Suji na Tony Suji wa nyumba nyingine. Theluthi ya timu ya taifa ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 30 ilitoka katika nyumba mbili. Tikolo mwenyewe aliwafuata kaka zake, Tom na David.

Wakati ule tuliliona jambo hili kuwa tamu, na magazeti yalipenda kuliandika. Mimi leo naliona kama daktari anavyoona kivuli kwenye picha ya kifua. Nyumba mbili zikiacha kuzaa wachezaji, nchi itafanya nini? Udogo wa familia hii ya kriketi ulifikia hapa: Agosti 2006, katika mechi ya Kenya na Bangladesh jijini Nairobi, mwamuzi Subhash Modi akainua kidole kumtoa mpigaji aliyezuia mpira kwa mguu mbele ya wiketi, na mpigaji huyo alikuwa mwanawe wa kumzaa, Hitesh Modi. Sijui chakula cha usiku kililiwaje siku ile.

Lakini nisiikimbilie huzuni. Februari 2003 nilikuwa kidato cha pili, na nchi nzima ilikuwa na furaha ambayo sijaiona tena: utawala mpya ulikuwa na majuma machache tu madarakani, watoto walikuwa wameingia shule za msingi bila karo tangu Januari, na Kombe la Dunia lililoandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya lilikuwa limeanza. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, miezi michache baada ya shambulio la bomu la Kikambala, huku kwetu pwani, na Kenya ikapewa pointi za bure. Wapinzani wetu hawachoki kuitaja zawadi hiyo, nami sitaificha. Ila Jumatatu ya tarehe 24, pale Gymkhana, hakuna aliyetupa kitu. Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, walipewa lengo la mikimbio 211 wakatolewa kwa 157, na aliyewatoa alikuwa Collins Obuya, kijana wa miaka 21, kwa mpira wa kupinda ambao wapigaji waliuona ukienda huku nao ukenda kule. Wiketi tano kwa mikimbio 24.

Bangladesh wakafuata, tena wakati huo wakiwa tayari na hadhi ya kucheza mechi za Test, zile za siku tano. Zimbabwe wakafuata Bloemfontein. Tarehe 15 Machi, Durban, Aasif Karim wetu wa Mombasa, mzee wa miaka 39 aliyekuwa amekwisha kustaafu akarudishwa kuziba pengo, mtu aliyewahi pia kuichezea Kenya tenisi katika Kombe la Davis, aliwarushia Australia ova nane (ova moja ni mipira sita) na mipira miwili, akachukua wiketi tatu na kutoa mikimbio saba tu. Ova sita kati ya hizo hazikuzaa hata mkimbio mmoja. Australia walishinda mechi, naam, lakini kwa muda wa saa moja hivi mabingwa wa dunia walionekana kama watoto wanaofundishwa kushika gongo. Ami yangu alikuwa amemtengenezea Karim uwanja mara nyingi. Aliniambia kwamba yule bwana hakuwa na mpira wa ajabu hata mmoja. Alikuwa na subira, na kila mpira aliutua palepale alipotua uliotangulia.

Nusu fainali ilichezwa Durban tarehe 20 Machi 2003, alasiri hadi usiku. Niliitazama kwenye mkahawa mmoja wa Mwembe Tayari, na sitaisahau kwa sababu nyingine kabisa: alfajiri ya siku hiyo hiyo Marekani ilikuwa imeanza kuipiga Baghdad, na kila baada ya ova mbili tatu mtu alipiga kelele kituo kibadilishwe, mwenye mkahawa akabadilisha, tukatazama moto wa Baghdad, kisha mwingine akapiga kelele tukarudishwa Durban. Kwa hiyo mikimbio 111 ya Sourav Ganguly niliiona kwa vipande. India walifika 270. Kenya ilitolewa kwa 179, Tikolo akiwa na 56. Wazee waliokuwapo walimaliza chai zao wakaondoka bila manung'uniko. Waliamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba tungerudi.

Sasa nirudi Kuala Lumpur, kwenye ule mpira wa mwisho wa 1997. Bangladesh walishinda, na miaka mitatu baadaye wakapewa hadhi ya Test. Kenya nayo iliomba, haikupewa. Hapa ndipo wengi wetu hutia nanga: tulidhulumiwa, Bangladesh wana watu wengi na televisheni kubwa, ICC walifuata soko. Kuna ukweli ndani yake. Baada ya nusu fainali ya 2003, mataifa makubwa yaliyotupigia makofi hayakuja Nairobi kucheza nasi ila kwa nadra, na mchezaji wa kriketi asiyecheza na walio bora kuliko yeye hupoteza makali kama kisu kilichosahauliwa droo. Lakini watu husahau kwamba Bangladesh walipopewa hadhi ile walipigwa miaka mingi, hawakushinda mechi ya Test hata moja hadi Januari 2005, na katika miaka yote hiyo ya kupigwa walikuwa na vijana kwa maelfu mashuleni wakisubiri zamu. Sisi tungepewa hadhi ile mwaka 2000 tungepanga uwanjani wale wale kumi na mmoja. Nasema hivi nikijua kwamba baadhi ya rafiki zangu hawatanisemesha wiki nzima.

Kilichofuata nyumbani kilikuwa cha aibu, na nitakipita haraka kwa kuwa kimeandikwa sana. Wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo. Odumbe, nahodha wa Pune, alifungiwa miaka mitano Agosti 2004 kwa mahusiano yasiyofaa na mtu wa kamari. Chama cha zamani kikavunjwa, kipya kikaundwa 2005, na mwaka ule mzima Kenya haikucheza mechi hata moja ya kimataifa ya siku moja.

Mtu mmoja anatosha kuisimulia miaka iliyobaki. Collins Obuya alichukuliwa na timu ya Warwickshire ya Uingereza baada ya Kombe la Dunia, akaumia, na aliporudi mpira wake ulikuwa umepoteza ule mpindo. Mrushaji wa aina yake hutegemea kifundo cha mkono na hisia ya vidole, kitu ambacho kikipotea huwezi kumwonyesha daktari. Timu nyingine ingemweka kando ikamwita mwingine. Kenya haikuwa na mwingine, na Obuya akajifundisha upya kama mpigaji, akiwa mtu mzima, ndani ya timu ya taifa. Fikiria fundi cherehani ambaye mkono umemsaliti, naye akabaki katika duka lile lile akijifunza useremala huku wateja wakisubiri. La ajabu ni kwamba aliweza. Kwenye Kombe la Dunia la 2011, Bangalore, aliwapiga Australia mikimbio 98 bila kutolewa, miwili tu pungufu ya mia.

Mechi ile ilikuwa shada la maua juu ya kaburi. Katika mashindano hayo Kenya ilipoteza mechi zote sita. Ya kwanza, Chennai, tarehe 20 Februari, ilitolewa na New Zealand kwa mikimbio 69, na New Zealand wakaifikia kwa ova nane bila kupoteza wiketi. Niliposikia 69 mkono wangu ulijua wenyewe cha kufanya: mabati mawili ya 6, moja ligeuze. Mwezi mmoja baadaye, Kolkata, wenzake walijipanga mistari miwili na kuinua magongo Tikolo akipita katikati yao kwa mara ya mwisho. Alikuwa anakaribia miaka 40. Tulisema ni heshima, na ilikuwa heshima, lakini hakuna nchi yenye afya inayomngoja mpigaji wake bora mpaka akafike umri huo.

Oktoba 2013, Sharjah, Kenya ilicheza na Afghanistan, nchi ambayo wachezaji wake wengi waliujua mchezo huu katika kambi za wakimbizi Pakistan. Afghanistan wakishinda wangepata nafasi ya Kombe la Dunia la 2015. Kenya ilitolewa kwa 93, namba ile ile tuliyowatundikia West Indies kule Pune. Januari 2014, huko New Zealand, tukamaliza nafasi ya tano katika mashindano ya kufuzu, na hadhi yetu ya mechi za kimataifa za siku moja, tuliyokuwa nayo tangu miaka ya tisini, ikachukuliwa. Hadhi hiyo si cheti cha kutundika ukutani: ndiyo iletayo fungu la fedha za ICC, ratiba ya mechi, na mfadhili anayetaka jina lake lionekane. Ikiondoka, mchezaji wa miaka 19 anayepima kati ya kriketi na chuo anajua la kuchagua. Februari 2018, Namibia, Kenya ilimaliza ya mwisho kati ya timu sita za daraja la pili. Nahodha akajiuzulu, kocha akajiuzulu, mwenyekiti wa chama akajiuzulu. Kocha huyo alikuwa Thomas Odoyo, mrushaji wa mbio wa timu ya 2003. Hata wa kulaumiwa walikuwa wale wale.

Majirani hawakutusubiri. Rwanda, ambako kriketi ni mgeni wa juzi, walifungua uwanja wa Gahanga mwaka 2017, na Januari 2023 wasichana wao wa chini ya miaka 19 waliwafunga Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia. Uganda, ambao miaka yote tuliwaona kama wadogo zetu, walifuzu Kombe la Dunia la mechi za ova 20 la 2024 kwa kuwafunga Zimbabwe njiani. Wengine walicheka Uganda walipotolewa na West Indies kwa mikimbio 39. Mimi sikucheka. Siku tatu kabla ya hapo walikuwa wamewafunga Papua New Guinea, na katika timu ile alikuwemo Frank Nsubuga wa miaka 43 akirusha ova zake nne kwa mikimbio minne tu. Mzee, sawa na wazee wetu. Lakini pamoja naye alikuwa Juma Miyagi, kijana wa mtaa wa Naguru, Kampala, umri nusu ya wake. Uganda wana wiki yao ya kriketi ya mashule, na hapo ndipo tofauti ilipo. Huo ndio ukuta ambao mipira yetu iliacha kuuruka.

Mwaka 2024 ulipokaribia kwisha, nilikwenda kumtazama ami. Macho yamemtoka nguvu, hawezi tena kusoma gazeti, kwa hiyo humsomea habari anazozitaka. Nikamwambia kwamba Oktoba, pale uwanja wa Ruaraka, Nairobi, timu moja ilipiga mikimbio 344 katika mechi ya ova 20, nyingi kuliko zote zilizowahi kupigwa na timu ya taifa duniani. Akakaa wima.

"Ova ishirini? Nani hao?"

"Zimbabwe. Walikuwa wakicheza na Gambia."

"Aa." Akaegemea tena. Niliona akiifanya ile hesabu kimoyomoyo, mabati matatu, mawili ya 4. "Na sisi?"

Nikamwambia tumepita, tumemaliza wa pili nyuma ya Zimbabwe, tunasonga hatua nyingine ya kufuzu.

"Vizuri," akasema. "Obuya kapata ngapi?"

Nikamkumbusha kwamba Obuya alistaafu mwezi Machi, baada ya Michezo ya Afrika kule Accra, akiwa na miaka 42. Ami akanyamaza kidogo, akauliza sasa nani anapiga. Nikamtajia majina matatu, polepole, nikiyarudia. Hakulijua hata moja. Akaniomba nimweleze wa kwanza ni mtoto wa nani.